Makumbi, Mwani na Siku za Ugonjwa

Kabla mwani haujawa zao la kuuzwa, wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja walikuwa na kazi nyingine iliyowateremsha ufuoni, nayo ni kazi ya makumbi. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika mchanga na tope la pwani, yakawekewa mawe juu ili bahari isiyachukue, yakaachwa huko miezi mingi mpaka nyama yake ikaoza na kulegea. Kisha yalifukuliwa, yakapigwa kwa magongo, yakaoshwa na kuanikwa. Usumba ukatoka, na usumba ukasokotwa kamba. Kamba hizo zilifungiwa mapaa ya nyumba, ziliwambiwa vitanda, zilitumika vyomboni, na nyingine ziliuzwa mjini. Mwanamke aliyefanya kazi hiyo hakuajiriwa na mtu. Shimo lilikuwa lake, gongo lake, mikono yake. Na bei alipatana mwenyewe na mchuuzi.

Kazi hii ilikuwa na sifa moja ambayo haikuwa na bei sokoni, na kwa hiyo ilisahauliwa upesi: makumbi yalijua kungoja. Mwanamke akishikwa na homa, akalala siku nne au wiki mbili, makumbi yake hayakuharibika mchangani. Kitu kilichokwisha kaa miezi mingi chini ya tope hakidhuriki kwa kukaa siku kumi zaidi. Usumba uliokauka uliweza kuwekwa pembeni mwa nyumba. Kamba iliyosokotwa nusu iliweza kutundikwa ukutani. Alipoinuka kitandani mwanamke huyo alikuta hasara moja tu, nayo ni hasara ya siku. Mali yenyewe ilikuwa salama. Si kwamba hasara ya siku ni ndogo kwa mtu ambaye chakula chake cha jioni hutegemea kazi yake ya asubuhi. Lakini hasara ya siku hulipika kwa siku, ilhali aliyepata hasara ya mali hana budi kuanza tena toka mwanzo.

Haifai kuisifu kazi ya makumbi kupita kiasi. Uvundo wa makumbi yaliyofukuliwa ulimganda mtu nguoni na ngozini. Kuinama na kupiga kutwa kulivunja mgongo. Na malipo yalikuwa haba sana kwa kadiri ya jasho lililotoka. Wanawake walioiacha hawakuililia. Inatajwa hapa kwa ajili ya uwezo wake wa kungoja tu, kwa kuwa kazi iliyoipokea nafasi yake haikuwa na uwezo huo, na tofauti hiyo moja imebadili kabisa maana ya ugonjwa katika vijiji vya Bwejuu, Paje, Jambiani na jirani zake.

Mwani wenyewe haukuwa mgeni katika bahari hiyo. Kabla ya miaka ya 1970 mwani wa mwitu, uliokusanywa tu ufuoni, ulikwisha kusafirishwa ng'ambo kutoka pwani za Afrika ya Mashariki. Katika miaka hiyo ya 1970 mtaalamu Keto Mshigeni, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchunguza kwa bidii na akatetea rai kwamba mwani waweza kupandwa kama yanavyopandwa mazao ya nchi kavu. Rai hiyo ilingoja miaka mingi. Ukulima wa biashara ulianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Namna mbili zilipandwa, ambazo wakulima wamezoea kuziita spinosamu na kotonii. Hazipandwi kwa kuliwa kijijini. Hukaushwa, hutiwa magunia, husafirishwa Ulaya, Marekani na Asia, na humo viwandani hutolewa karajinani, kitu kinachogandisha na kushikamanisha vyakula, dawa ya meno na bidhaa nyingine nyingi ambazo mpandaji hazioni wala hana haja ya kuziona.

Wanaume walijaribu kazi hii mwanzoni. Walipoona bei yake, wengi wao waliiacha wakarudi kwenye uvuvi, au wakaenda kutafuta riziki katika mahoteli yaliyoanza kujengwa ufuoni. Wanawake walibaki. Hesabu zilizotolewa baadaye zinasema wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake. Katika miaka kadhaa mwani mkavu uliosafirishwa kutoka visiwa hivi umepita tani 10,000, na kila kilo ya tani hizo ilifungwa kwa mkono, ikavunwa kwa mkono, ikabebwa kichwani au mgongoni.

Njia ya upandaji ni nyepesi kuieleza. Vigingi vya miti hupigwa mchangani katika maji mafupi yaliyo baina ya ufuo na mwamba wa nje. Kati ya kigingi na kigingi huvutwa kamba, na juu ya kamba hufungwa vipande vya mwani, kimoja kimoja, kwa nyuzi nyembamba ambazo wakulima huziita taitai. Baada ya wiki sita hivi vipande vimekua vichaka, huvunwa, na vingine hukatwa mbegu ya kufungwa tena. Mvunaji hubeba mwani mbichi mpaka pwani na kuuanika siku kadhaa juani. Na kwa kuwa karibu uzito wote ni maji, kilo saba na zaidi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu. Mvua ikinyesha juu ya mwani ulioanikwa, chumvi huoshwa, rangi huharibika, na mnunuzi huukataa.

Saa ya kazi haichaguliwi na mkulima. Bahari ya Zanzibar hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita nne hivi wakati wa bamvua, na katika maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Shamba la mwani hufikika kwa miguu katika siku za bamvua tu, za mwezi mchanga na za mwezi mpevu. Yaani siku sita au saba, kisha kungoja, kisha siku sita au saba nyingine. Katika siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne za asubuhi, na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana. Basi mkulima huingia majini jua likiwa linapanda na hutoka jua likiwa utosini, baada ya saa nne, tano au sita za kuinama. Nguo zake ndefu zimelowa na zimekuwa nzito. Macho yake yamepigwa na mwanga wa jua unaorudishwa na maji na mchanga mweupe. Wengi huingia na kutoka bila ya kitu tumboni ila chai.

Na sasa mwanamke huyo augue siku ya kwanza ya bamvua. Mwani uliokomaa haukai ukamngoja. Kichaka kilichozidi uzito hukatika kwa mawimbi na kuchukuliwa. Samaki aina ya tasi huula. Magugu ya baharini huukumbatia na kuunyima nuru. Vigingi vilivyolegea hung'oka na kamba zikafumana. Akikosa bamvua hili, hawezi kurudi kesho kutwa. Atarudi baada ya wiki moja au zaidi, maji yatakapopwa tena vya kutosha, na wakati huo atakuta sehemu ya shamba si shamba tena. Ichukuliwe kwa mfano mkulima aliyetazamia kilo 100 kavu. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 spinosamu kavu ilinunuliwa kwa bei iliyokaribia shilingi 400 kwa kilo, na kwa hiyo zao lake lote lilikuwa shilingi 40,000. Nusu ya zao ikipotea, shilingi 20,000 zimekwenda. Lakini hasara haikomi hapo, maana mbegu ya zao la pili ilikuwa itoke katika zao hilo hilo. Itambidi kuomba mbegu au kupanda kamba chache kuliko zamani, kisha angoje wiki sita nyingine. Homa ya siku tano imemla miezi miwili.

Hesabu hii kila mkulima anaijua bila ya kuiandika, na ndiyo sababu ya kumwona mgonjwa majini. Mtu wa mbali humwona akadhani ni ujinga wa afya, au ukaidi, au umaskini wa kukosa dawa. Yamkini dawa anayo. Amepima homa dhidi ya shamba, akaona homa yaweza kupona bila yeye kulala, lakini shamba haliwezi kujivuna. Upimaji huo si wa kijinga hata kidogo. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba upande mmoja wa mizani kuna shilingi zinazohesabika wiki hii, na upande wa pili kuna mwili ambao deni lake hudaiwa baada ya miaka.

Katika kazi ya makumbi jirani aliweza kusaidia. Mwenye shimo lililofukuliwa wiki iliyopita aliweza kumpigia mwenzake makumbi wiki hii, kwa kuwa kila shimo lilikuwa na majira yake. Bahari ya mwani imeondoa hata hilo. Bamvua huwaita wanawake wote wa kijiji kwa saa moja, na huwafukuza wote kwa saa moja. Jirani mwenye huruma kuliko wote ana saa zile zile nne au tano, na shamba lake mwenyewe linamtazama. Hapana ubaya wa moyo katika jambo hili. Ni ugumu wa saa. Kwa hiyo msaada hutafutwa mahali pekee palipo na mikono isiyokuwa na shamba, nako ni kwa watoto. Binti huombwa kwa mwalimu siku mbili tatu, au haombwi. Utoro wa siku za bamvua ni jambo lililojulikana shuleni katika vijiji vya mwani. Mzazi alipanda ili apate sare na daftari za mtoto, na ugonjwa wa mzazi ukamtoa mtoto darasani. Mambo haya mawili yamo katika nyumba moja, na si haki kumlaumu mama kwa la pili bila ya kumkumbuka kwa la kwanza.

Majira ya kuanza kwa mwani yaliongeza uzito wa jambo hili. Kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwaka 1968 palikuwa na kampeni kubwa ya kuangamiza malaria katika visiwa vya Zanzibar, ikisaidiwa na Shirika la Afya la Dunia, na malaria ilishuka sana. Kampeni ilipokoma maradhi yalirudi. Mwani ulipandwa mwaka 1989, ilhali homa hiyo imekwisha kurejea nguvu zake, na haikushuka tena mpaka katika miaka ya 2000, zilipokuja dawa mpya, vyandarua vilivyotiwa dawa na unyunyizaji wa majumbani. Basi miaka kumi na tano ya kwanza ya zao lisilongoja ilikuwa pia miaka ya maradhi yanayolaza watu mara kwa mara. Wanawake waliojenga sifa ya mwani wa Zanzibar katika soko la dunia waliijenga wakiwa na homa mwilini mara nyingi kuliko inavyokumbukwa.

Uzazi una hesabu yake. Ada ya pwani humpa mzazi siku arobaini za kukaa ndani, akihudumiwa, akikandwa kwa maji ya moto, akipewa uji wa pilipili manga, asishike kazi nzito. Ni ada yenye hekima, na ni likizo ya uzazi iliyokuwapo kabla ya sheria yoyote ya kazi. Walakini siku arobaini ni karibu sawa na umri wa zao moja la mwani. Mwanamke anayetimiza arobaini yake hupoteza zao zima, pengine na mbegu. Mwenye mama, dada au mkwe wa kumshikia shamba huitimiza. Asiye nao hukata siku. Na kabla ya kuzaa kuna miezi ya mimba, ambayo kuinama kwa saa tano na kubeba gunia linalovuja maji hakukutengewa nafasi ndani yake.

Hayo ni maradhi ambayo mtu huyachukua nyumbani akaenda nayo kazini. Yako pia ambayo huyapata kazini akarudi nayo nyumbani. Mwaka 2012 watafiti kutoka Sweden na Zanzibar walichapisha uchunguzi wao juu ya ukulima huu, na katika anwani yake waliuliza kama bei yake si kubwa mno kulipwa. Wakulima waliohojiwa waliiona afya yao kuwa mbaya kuliko walivyoiona wanawake wengine wasiolima mwani. Walitaja uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa ya saa za kazi, taabu ya kupumua, macho kuuma, ngozi kuwasha, majeraha ya magamba makali, na viumbe wa baharini wenye miiba na sumu. Mapato ya wengi wao yalikuwa chini ya kipimo cha umaskini mkubwa kilichotumika wakati huo. Katika orodha hiyo hamna ugonjwa mmoja wa kutisha. Mtu hafi kwa macho kuwasha. Maradhi madogo hayampi mtu ruhusa ya kulala, na kwa kuwa hayampi ruhusa huendelea, na yakiendelea miaka kumi huwa ndiyo mwili wenyewe.

Ni wajibu wa haki kueleza upande wa pili, kwa kuwa uko. Fedha ya mwani ilikuwa fedha ya kwanza ambayo wanawake wengi wa pwani ile walipokea kwa mkono wao wenyewe, kwa wingi wa kuonekana. Katika miaka ya 1990 mapaa ya makuti yaligeuka mabati, watoto walinunuliwa viatu, vyombo viliongezeka nyumbani, na mke aliweza kununua kanga bila ya kumwomba mume. Wako waliojenga nyumba kwa jina lao. Anayetoka mjini na kuwashauri wanawake hao waache mwani kwa ajili ya migongo yao huwa amesahau kwamba mgongo wa mtu asiye na kipato nao huuma. Hoja ya insha hii haimo katika kuacha kazi. Imo katika swali dogo zaidi na gumu zaidi: siku ya ugonjwa ni ya nani?

Kwa mkataba uliowekwa tangu mwanzo, siku hiyo ilikuwa ya mkulima peke yake. Makampuni ya kununua mwani yalimpa kamba, taitai na mbegu za kuanzia. Naye kwa upande wake aliwajibika kumwuzia mwani yule aliyempa vifaa, kwa bei iliyokwisha pangwa. Hakuweza kuuza kwa jirani mwenye bei nzuri, isipokuwa awe amejinunulia vifaa vyake. Kwa bei na kwa vifaa alifanana na mfanyakazi. Kwa ugonjwa, mvua na mawimbi alikuwa mfanya biashara huru. Hapana ushahidi kwamba mtu alikaa akakusudia kumdhulumu. Bei ya dunia ilishikwa na Ufilipino na Indonesia, ambako mwani huvunwa kwa wingi usiolinganishwa na wa Zanzibar, na mnunuzi wa visiwani alitafuta njia ya kuifikia bei hiyo. Njia aliyoipata ilikuwa kununua kilo kavu, na kutonunua kitu kingine chochote. Katika daftari lake mlikuwa na safu ya jina, safu ya uzito na safu ya fedha. Siku ambazo mtu aliumwa akaenda, na siku ambazo aliumwa asiende, zote zimo katika safu ya uzito, na hapana awezaye kuzisoma.

Sheria za dunia hazikuwa tayari kwa mtu wa namna hii. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, na Uingereza sheria ya fidia ya ajali za kazini mwaka 1897, kisha bima ya taifa mwaka 1911. Na zote zilianza kwa kuuliza mwajiri ni nani, ili alipe sehemu yake. Mwaka 1948 Uingereza iliwaingiza wanaojiajiri katika malipo ya ugonjwa kwa michango yao wenyewe, walakini mke aliyeolewa aliruhusiwa kutochangia, kana kwamba mumewe ndiye bima yake. Zanzibar, iliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 mpaka 1963, ilirithi sheria za kazi za mtindo huo, zenye mwajiri upande mmoja na mwajiriwa upande wa pili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bila ya malipo, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa kijiji cha pwani. Lakini matibabu ya bure huondoa bei ya daktari; hayaondoi bei ya siku. Mwanamke wa Jambiani aweza kutibiwa bila ya kutoa senti, akaambiwa apumzike siku tano, na siku tano hizo zikawa ghali kuliko dawa yoyote ambayo angeinunua. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ulijengwa juu ya mshahara ambao mwajiri na mfanyakazi huukatia mchango. Baadaye mlango wa hiari ulifunguliwa kwa wanaojiajiri. Ila mchango wa hiari hutoka katika ziada, na kilo ya shilingi 400 haina ziada.

Swali hili la mwajiri liliulizwa kwingine kabla ya mwani kupandwa Zanzibar, nalo lafaa kukumbukwa hapa. Katika mji wa Ahmedabad, huko Gujarat, mwanasheria Ela Bhatt aliwakusanya wanawake wanaobeba mizigo, wanaouza mboga, wanaoshona na kusokota sigara majumbani mwao, wakaunda mwaka 1972 chama kinachojulikana kwa herufi zake, SEWA. Walipokwenda kukiandikisha kuwa chama cha wafanyakazi, wakubwa wa idara ya kazi walisita: wanawake hawa hawana mwajiri, basi watagombana na nani? Jibu lao lilikuwa kwamba chama huundwa kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi, si lazima kiwe dhidi ya mtu, na kiliandikishwa. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walitoa rupia kumi kila mmoja wakaanzisha benki yao. Benki hiyo ilipotafuta kwa nini baadhi ya wakopaji hawarudishi mikopo, iligundua kwamba sababu kubwa ilikuwa maradhi na uzazi. Deni lililoonekana katika daftari kama uzembe wa mkopaji lilikuwa, lilipofuatwa mpaka nyumbani, homa au mazishi. Kwa kujua hayo chama kilijenga huduma za afya na malezi ya watoto, na mwaka 1992 kikaanzisha bima yake. Hatua ya kwanza haikuwa fedha. Ilikuwa kuufuata ugonjwa katika daftari mahali ulipojificha kwa jina lingine.

Katika pwani ya Unguja ugonjwa umejificha kwa jina la mavuno hafifu, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umekuwa vigumu zaidi kuonekana, kwa sababu mwani wenyewe umeugua. Kotonii, iliyokuwa na bei ya karibu mara mbili ya spinosamu, ilianza kufa katika maji mafupi yaliyozidi joto. Matawi yake hugeuka meupe kama barafu, hulainika na kukatika. Sehemu nyingi za Unguja hazikuweza tena kuipanda, na wanawake wakabaki na spinosamu, ambayo huvumilia zaidi na hulipwa kidogo. Ili kupata fedha ile ile ya zamani, ilibidi kufunga kamba nyingi zaidi. Kamba nyingi ni saa nyingi za kuinama, na saa nyingi ni mwili uliochoka mapema. Kilimo kilizidi kuhamia Pemba, ambako sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar huvunwa.

Tangu mwaka 2006 watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, akiwamo Flower Msuya, wamefanya kazi pamoja na wakulima kutafuta njia nyingine, na mbili kati ya hizo zinagusa jambo hili, ijapokuwa hazikubuniwa kwa ajili ya ugonjwa. Ya kwanza ni kuusaga mwani na kuutia katika sabuni na bidhaa nyingine, kama wanavyofanya wanawake wa Kidoti na wa Paje. Faida yake husifiwa kwa kuwa kilo moja ya mwani uliosagwa huleta fedha nyingi kuliko kilo iliyouzwa kavu. Lakini sabuni ina sifa nyingine isiyoandikwa katika matangazo yake: ikishakauka hukaa rafuni. Mtengenezaji akiugua wiki mbili, anaikuta pale pale, kama bibi yake alivyoyakuta makumbi. Tatizo ni kwamba wanunuzi wa sabuni ni wachache, aghalabu wageni wa mahoteli, na tani 10,000 haziwezi kuoshewa mikono yote.

Ya pili ni kupanda katika maji ya kina kirefu, kwa kamba zinazoelea au nyavu zilizoshonwa kama mipira mirefu. Huko maji ni baridi zaidi na kotonii huishi. Na kwa kuwa mkulima hufika kwa mashua, hafungwi na bamvua. Akishindwa leo huenda kesho, na akishindwa wiki hii wenzake wa kikundi, ambao saa yao si lazima iwe saa yake, waweza kumtazamia kamba zake. Kwa mara ya kwanza tangu 1989 kazi ya mwani imepata kidogo uwezo wa kungoja. Lakini mashua ina bei, na injini na mafuta vina bei. Na wengi wa wanawake hawa, waliozaliwa hatua mia kutoka baharini na kushinda nusu ya maisha yao majini, hawakufundishwa kuogelea.